Usinipe Pole kwa Pankeki Iliyoshuka

Jumapili ile shangazi yangu alikuwa ameketi jikoni kwetu Buruburu, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, macho yote kwenye kioo cha oveni. Alikuwa amewasili jana yake kwa treni kutoka Mombasa, na alitaka kujionea pankeki ya oveni ambayo watoto walikuwa wakimsimulia kwenye simu. Ndani ya karai, rojo lilianza kutambaa kingoni. Likapanda. Likajikunja, likapasuka upande mmoja, likapanda tena hadi likakaribia kugusa waya wa juu. Watoto wakaanza kuita, "Inapanda! Inapanda!" Shangazi akaweka kikombe chini.

Nikafungua mlango, nikalitoa karai, nikalitua mezani juu ya ubao.

Kabla sijafika kwenye droo ya visu, katikati ilikuwa imeshashuka.

Shangazi akanishika bega. "Pole, mwanangu," akasema, na alimaanisha. "Imezama. Ungeitia beking pauda kidogo tu."

Tuliila kwa asali na ndimu, ikaisha, na yeye mwenyewe akaomba kipande cha pili. Baada ya siku chache akarudi Mombasa, lakini pole yake ikabaki Nairobi. Imekuwa ikinijia kwa wiki kadhaa, nikiwa ndani ya matatu, nikiosha vyombo, nikisubiri zamu yangu dukani. Nilikuwa nimepewa pole kwa jambo ambalo, kwa ufahamu wangu, lilitokea sawasawa na lilivyotakiwa kutokea.

Ila sikuweza kumweleza kwa nini. Na kitu usichoweza kumweleza shangazi yako, huna hakika nacho.

## Kipimo cha kimo

Wengi wetu tumelelewa kuipima kazi ya mwokaji kwa kimo. Keki nzuri imesimama. Mandazi mazuri yamefura. Hamri likipasuliwa linakuwa na uwazi ndani. Mkate wa mayai wa Pwani unatoka umeinuka, unapoa ukiwa umeinuka, na mgeni akija saa kumi jioni anaukuta vile vile. Keki ikizama katikati, mwenye kujua anajua pana jambo: labda mlango ulifunguliwa mapema, labda moto ulikuwa mdogo, labda haikuiva.

Shangazi ameoka mkate wa mayai tangu kabla sijazaliwa, kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kwake yeye kuzama ni dalili. Anaiona kabla hajaonja, na kwa vyakula anavyovioka huwa hakosei.

Chapati za maji, ambazo ndizo pankeki za nyumba nyingi hapa mjini, hazina mashaka hayo. Zinalala tangu zinapomiminwa, na hakuna anayezidai zisimame.

Hii ya oveni ndiyo inayotatanisha. Viungo vyake ni vya chapati ya maji: unga, mayai, maziwa, chumvi. Inapanda kuliko keki yoyote niliyowahi kuoka, halafu inashuka mbele ya macho yako. Wamarekani huiita Dutch baby, na kwa kawaida huihusisha na mkahawa wa Manca's mjini Seattle, mwanzoni mwa karne ya 20, ulioitohoa kutoka pankeki za Kijerumani. Waingereza wana jamaa yake wa zamani zaidi, Yorkshire pudding, ambayo ni rojo kama hili hili, huokwa ndani ya mafuta moto na kuliwa na nyama ya kuchoma. Wafini wana pannukakku, wanayoioka kwenye trei pana. Katika sehemu zote hizo mpishi anaitoa akijua itashuka, na hakuna anayemshika bega.

Lakini hilo halikunitosha. Watu wanaweza kulizoea kosa kwa vizazi, wakalipa jina na kuligeuza desturi. Nilitaka kujua kama kushuka ni sehemu ya kazi yenyewe, au ni kasoro ambayo watu wameafikiana kuinyamazia.

## Maji ndiyo yanayoinua

Hakuna hamira ndani yake. Hakuna beking pauda, wala mayai hayapigwi hadi yakatoa povu jeupe. Ukichukua mayai matatu, maziwa mililita 120 na unga gramu 65 hivi, karibu theluthi mbili ya uzito wa rojo hilo ni maji. Hayo maji ndiyo yanayofanya kazi.

Rojo linapomwagwa kwenye chuma cha moto sana, tabaka linalogusa chuma linashikana papo hapo na kuwa ngozi. Chini ya ngozi hiyo maji yanageuka mvuke. Mvuke unatafuta pa kutokea, unaikuta ngozi ya mayai na gluteni, ile protini ya unga wa ngano, inayovutika, na unaisukuma, kama unavyosukuma kifuniko cha sufuria ya uji, ila hapa kifuniko chenyewe kinanyooka na kukua. Kingo zinapanda kwanza kwa kuwa zimegusana na ubavu wa karai. Katikati inafuata nyuma, bado laini.

Kisha kuta zinakauka na kuwa kahawia. Zikishakauka, hazihitaji mvuke tena, zinasimama zenyewe.

Katikati haikauki hivyo. Inabaki laini, yenye unyevu, karibu na kastadi ya mayai, na ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Muda wote ikiwa ndani ya oveni, inashikiliwa juu na mvuke peke yake. Ukiitoa, mvuke unapoa, unarudi kuwa matone, na kilichokuwa kimejaa nafasi kubwa hakina tena cha kuijaza. Katikati inateremka hadi kwenye kitako chake.

Ili isiteremke ingebidi uikaushe yote, hadi moyoni. Ungepata kitu kirefu, kikavu, chenye ladha ya biskuti ya mayai. Sioni faida yake.

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu la kumpelekea shangazi. Lakini swali jingine likazuka. Pankeki yangu ilikuwa ikishuka sana kuliko nilivyoelezwa na kila mapishi niliyosoma, na wakati mwingine kuta nazo zilikuwa zikilegea. Kama kushuka ni sheria ya mvuke, kwa nini kwangu kulikuwa kukubwa hivi?

## Mita 1,700 juu ya bahari

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila aliyehamia hapa kutoka Pwani anajua maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa, na maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kando ya bahari inajaza takriban lita 1.7. Gramu hiyo hiyo ikigeuka mvuke Nairobi inajaza zaidi kidogo ya lita 2.

Nililitazama jibu hilo kwa muda mrefu. Siku zote nilikuwa nimeuchukulia mwinuko wa jiji hili kama adui wa mwokaji. Ukisoma ushauri wa kuoka keki nyanda za juu, karibu kila sentensi ni onyo. Kumbe kwa chakula kinachoinuliwa na mvuke, hewa yetu inasaidia. Inasukuma kidogo, kwa hiyo mvuke unapata nafasi ya kutanuka zaidi. Pankeki ya Nairobi ina haki ya kupanda kuliko ya Mombasa, kwa unga ule ule na mayai yale yale.

Lakini hewa hiyo hiyo ina gharama yake. Sehemu yoyote ya rojo yenye maji mengi haivuki sana joto la kuchemka la maji hayo. Hapa kwetu hiyo ni nyuzi 94. Ndani inaiva polepole zaidi, huku nje ikiwa imeshakimbilia juu. Inapanda mapema, inashikana kwa kuchelewa. Ukifuata dakika 15 zilizoandikwa na mtu anayeishi karibu na bahari, utaitoa ikiwa imefikia kilele lakini kuta zake hazijawa tayari kubeba chochote.

Basi shangazi aliona kushuka kukubwa kuliko ambavyo angeona kwake. Hilo nalikubali. Aliliona kwa usahihi.

Swali likabadilika mkononi mwangu. Nikaacha kujiuliza nitaizuiaje isishuke, nikaanza kujiuliza ni kushuka kupi ninakotaka.

## Stima ilipopotea

Jibu lilikuja Jumamosi moja asubuhi, pankeki ikiwa oveni. Ilikuwa imeshafika juu, nzuri kutazama, kingo za juu zina rangi ya dhahabu na sehemu ya chini bado nyeupe. Stima ikapotea mtaa mzima. Taa ya oveni ikazimika na feni ikanyamaza.

Sikufungua mlango. Nilimulika kwa tochi ya simu kupitia kioo.

Ilianza kushuka pale pale ndani. Katikati ilitangulia, na baada ya muda mfupi kuta zikafuata, zikapinda kuelekea ndani, zikaikalia ile sehemu laini. Nilipoitoa, tumbo lake lilikuwa na maji, ubavu umenata kwenye karai, na ladha ilikuwa ya unga mbichi. Binti yangu alionja, akarudisha uma.

Hiyo ndiyo iliyostahili pole.

Niliiacha kwenye sahani nikawa naitazama, nikijaribu kuilinganisha akilini na ile ya Jumapili. Ile ya shangazi ilikuwa imeteremka katikati, lakini kuta zilibaki wima pande zote na ulipozikata zilitoa sauti ya ukavu. Kitako chake kiliachana na karai bila kuvutwa. Katikati palikuwa laini pasipo ubichi. Kwa mtu aliyesimama mlangoni, zote mbili ni pankeki zilizozama. Ukiziweka meza moja na kisu mkononi, hazina uhusiano wowote.

Tangu siku hiyo siangalii kimo hata kidogo. Naangalia rangi ya ubavu, chini kule ambako macho ya watoto hayaendi kwa kuwa yamevutwa na kilele. Kilele kinakuwa kahawia mapema na kinadanganya. Ubavu ukiwa bado na weupe wa unga, pankeki haijaiva, hata iwe imegonga paa la oveni.

## Ushauri wa beking pauda

Niliujaribu ushauri wa shangazi, na niliujaribu kwa heshima: kijiko kimoja cha chai, kila kitu kingine kama kawaida.

Ilipanda sawasawa, kama mto wa kulalia, bila vilima wala mabonde. Haikushuka sana. Ndani ilikuwa na matundu madogo madogo, na mtu angeweza kuikata vipande vya mraba akaviweka kwenye chombo hadi jioni. Mume wangu aliipenda. Kwa chai ya saa nne ingefaa kabisa.

Ila ilikuwa keki nyembamba ya mayai. Gesi ya beking pauda inatoka kila mahali kwa pamoja, mapema, kabla ngozi haijashikana, na inalijaza rojo mapovu mengi madogo. Mvuke unapofika, haukuti tena ngozi moja nzima ya kusukuma. Unapenya na kupotea. Hakuna ukuta mkavu upande mmoja na kastadi upande wa pili. Tofauti hiyo ndiyo sababu yangu ya kuwasha oveni, na beking pauda inaiondoa.

Nasisitiza hili kwa sababu naona ushauri huo kila mahali ambapo wapishi wetu wanakutana. Mtu anaonyesha picha ya pankeki yake ya oveni iliyoshuka, na watu kumi wenye nia njema wanamwambia aongeze cha kuumua. Hakuna hata mmoja anayemwuliza ubavu ulikuwa na rangi gani.

## Karai la Kamukunji

Mapishi ya Wamarekani yanadai kikaango kizito cha chuma cha kusubu. Vipo Nairobi, madukani, kwa bei inayokufanya urudishe mkono. Sufuria zetu za alumini zinapata joto haraka lakini zinalipoteza haraka vile vile mara rojo la baridi linapoingia, na dakika ya kwanza ndiyo dakika ambayo hutaki joto lipotee. Tawa la chapati lina uzito wa kutosha, ila halina kingo.

Nililipata jibu kwa mafundi vyuma wa jua kali wa Kamukunji, hapa hapa Nairobi, kwenye kelele zile za nyundo ambazo unaanza kuzisikia kabla hujafika. Karai dogo la chuma, upana wa sentimita 25 hivi, kina kifupi, masikio mawili ya chuma, bila mbao wala plastiki. Fundi alidhani nataka kukaangia viazi. Nilipomwambia ni la oveni aliligeuza, akaligonga kwa kidole akisikiliza, kisha akaniletea jingine zito zaidi kutoka ndani. Hakuniongezea bei.

Karai lina faida ambayo kikaango bapa hakina. Ubavu wake umeinama. Rojo linapata njia ya kupandia, linatambaa kwenye mteremko wa moto badala ya kukutana na ukuta wima. Sijaona mapishi yoyote ya Wamarekani yakilitaja, na nadhani najua kwa nini: karai si chombo chao cha kila siku.

Lioshe, likaushe kabisa motoni, lipake mafuta, lichome hadi liwe jeusi. Litunze kama unavyolitunza tawa.

## Ninavyoifanya sasa

Nawasha oveni ifike nyuzi 220 karai likiwa tayari ndani, tupu. Naliacha humo dakika 20 nzima. Oveni nyingi za meko yetu ya gesi zina namba moja hadi nane tu zisizosema chochote kuhusu nyuzi, na kwa hizo nashauri kipimajoto kidogo cha kuning'iniza. Kitakuonyesha ukweli ambao kitasa cha oveni hakiusemi.

Mayai natumia manne. Mapishi mengi yanasema matatu, lakini mayai yetu ya kienyeji ni madogo, na kwenye mwinuko huu ninahitaji nguvu ya yai la ziada ili kuta zishikane. Unga wa ngano wa kawaida, ule wa chapati, gramu 70, yaani nusu kikombe kilichojaa vizuri. Usitumie ule ambao umechanganywa tayari na cha kuumulia, soma pakiti. Maziwa mililita 120. Chumvi kidogo, na iliki ya kusaga ambayo shangazi aliniachia kwenye kikaratasi. Sukari siweki ndani ya rojo. Inaifanya ngozi iungue kabla ubavu haujaiva, na inalegeza kile ninachotaka kikaze. Utamu utakuja juu.

Napiga mayai na maziwa kwanza, kisha unga, hadi mabonge yaishe. Naliacha rojo lipumzike nusu saa mezani. Wakati wa baridi ya Julai, jiko letu asubuhi linakuwa la kuvaa sweta, na mayai yanakuwa baridi kama yaliyotoka friji. Nayaweka kwenye bakuli la maji vuguvugu dakika chache, na maziwa nayapasha kidogo. Rojo baridi linaiba joto la karai, na nimeeleza kwa nini hilo linaumiza.

Siagi niliiacha, nikarudi kwenye samli. Kwenye chuma cha nyuzi 220 siagi inaungua haraka kwa sababu ya chembe za maziwa zilizomo. Samli imeshaondolewa chembe hizo na inastahimili. Vijiko viwili vya mezani. Inazunguka karai zima, inatoa harufu ya biriani ya sikukuu, na papo hapo rojo linamiminwa katikati kwa mkupuo mmoja.

Mlango unafungwa. Haufunguliwi.

Dakika 20 zikipita natazama ubavu. Ukiwa kahawia, nashusha moto hadi nyuzi 170, nafungua kwa mara ya kwanza, natoboa kuta mara tatu nne kwa ncha ya kisu ili mvuke utoke, na nairudisha dakika tano. Tundu hizo zilinigharimu mashaka mengi. Unatoboa kitu ambacho umekaa ukikisubiri kipande juu! Lakini mvuke ukitoka kidogo kidogo ndani ya joto, kuta zinakauka kwa ndani pia, na kushuka kunakuja taratibu kukiwa na cha kukupokea.

Kuhusu umeme: oveni yangu ya mezani ni ya kilowati 2, na kazi yote hiyo, pamoja na kupasha karai, haiwezi kuzidi uniti moja na nusu. Kwa kifungua kinywa cha watu watatu au wanne si bure, ndiyo maana naifanya mwisho wa wiki tu, na mara nyingi naweka viazi vitamu ndani joto likiwa bado lipo.

## Simu kutoka Mombasa

Nilimpigia shangazi nikamweleza yote: mvuke, mwinuko, ubavu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kwa jirani yake mwenye oveni, na keshokutwa yake akanitumia picha.

Yake ilikuwa fupi kuliko ya kwangu, na tofauti ilionekana wazi. Pia ilikuwa imeshuka kidogo tu, kuta zimesimama barabara, kwa mayai matatu na dakika 18. Nilifurahi mno. Hesabu ya kwenye karatasi ilikuwa imetokea kwenye sinia ya mtu mwingine, kilomita 480 kutoka kwangu.

"Nimekuelewa kuhusu mvuke," akasema. "Lakini mwanangu, mimi mgeni wangu hanipigii simu kwamba amefika getini. Anabisha hodi saa yoyote. Chakula kisichoweza kumsubiri mgeni nitakiweka wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na bado nadhani ana hoja. Mkate wa mayai umeumbwa kwa nyumba ambayo mlango wake hauna saa. Hii pankeki inataka kinyume chake: watu wawe wameketi, sahani zimepangwa, ndimu imekatwa, chai imemiminwa, kisha ndipo mlango wa oveni ufunguliwe. Inamlazimisha mwenye nyumba kuwaambia wageni, njooni saa nne kamili, na Nairobi hiyo saa nne kamili ina foleni ya Jogoo Road ndani yake.

Nimegundua kitu kimoja kinachosaidia. Rojo linaweza kusubiri hata kama pankeki haiwezi. Linakaa kwenye friji usiku kucha bila kuharibika, na asubuhi linahitaji tu kutolewa mapema lipoteze baridi na kukorogwa tena. Karai nalo linaweza kukaa ndani ya oveni iliyowashwa hadi hodi isikike. Kutoka hodi hadi mezani ni dakika 25, muda wa salamu, viatu, habari za nyumbani na kikombe cha kwanza.

Wakiwa wengi, usitafute karai kubwa. Katikati itakuwa mbali mno na ubavu, na haitaiva vizuri. Nunua la pili lenye ukubwa ule ule na uyatie yote mawili kwenye waya mmoja, yasigusane. Moja ulipeleke mezani na asali na maembe, msimu ukiwepo, au pasheni zilizokamuliwa na sukari ya unga. Jingine lifanye la chumvi: pilipili manga ndani ya rojo, jibini iliyokwaruzwa juu zikibaki dakika tano, na kachumbari yenye dhania nyingi imwagwe pale katikati paliposhuka. Pana nafasi ya kutosha bakuli zima.